Tumbo Limejaa, Ng'ombe Anakonda

Mwezi wa Septemba, mtazame maksai anayechungwa kwenye mbuga za Mkata au kandokando ya mashamba ya Kidodi na Ruhembe, chini ya milima ya Vidunda. Utaona mambo mawili ambayo hayaelekei kukaa katika mwili mmoja. Ubavu wake wa kushoto, pale kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, umetuna: ameshiba. Lakini uti wa mgongo umechongoka, mifupa ya nyonga imejitokeza, na pande zote mbili za shina la mkia kuna mashimo. Angalia na kinyesi chake. Wakati wa masika kilikuwa laini na kilitandazika chini; sasa ni kigumu, kimekaa kwa matabaka, na ukikivunja kwa kijiti unakuta nyuzi ndefu za majani ambazo tumbo lilishindwa kuzimaliza. Mchungaji mzoefu husoma kinyesi hicho kabla hata hajautazama mgongo. Kinamwambia kwamba mnyama anakula kutwa na bado ana njaa. Kwa miaka mingi mjadala wa mifugo wilayani Kilosa umekuwa wa idadi na ardhi: ng'ombe ni wengi, eneo ni dogo, wapunguzwe au wahamishwe. Hoja ya makala hii ni kwamba, kabla ya kuuliza ng'ombe ni wangapi, tuulize wanakula nini kati ya Juni na Novemba. Muundo wa chakula ndio unaoamua kasi ya ukuaji. Ndio unaoamua hata kiasi ambacho ng'ombe ataweza kula. Kwa hiyo ndio unaoamua pia atakaa miaka mingapi juu ya ardhi hiyo inayogombaniwa kabla hajafika machinjioni.

Wengi hudhani kwamba ng'ombe akipata majani duni atakula mengi zaidi ili afidie. Kinachotokea ni kinyume chake. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuvunja nyuzinyuzi za nyasi. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu wasiohesabika wanaoishi ndani ya rumeni, tumbo la kwanza na kubwa kuliko yote manne. Vijidudu hao nao ni viumbe hai: bila nitrojeni, ambayo kwa kawaida inatoka kwenye protini ya chakula, hawawezi kujijenga wala kuzaana. Nyasi changa za masika zina protini ghafi ya asilimia 10 na zaidi. Nyasi zile zile zikishachanua, zikapukutisha mbegu na kukauka, hubaki na asilimia 3 au 4. Utafiti uliofanywa kwenye nyasi za nchi za joto tangu miaka ya 1960, hasa Queensland nchini Australia, ulionyesha kwamba protini ikishuka chini ya takriban asilimia 7, ulaji nao huanza kushuka. Sababu inaeleweka vizuri. Rumeni ni kama ghala lenye mlango mpana wa kuingizia na mlango mwembamba wa kutolea: majani hayapiti kwenda tumbo linalofuata mpaka yachachushwe, yacheuliwe na kusagika kuwa vipande vidogo. Vijidudu wakipungua, kazi hiyo inachukua muda mrefu. Kilichoingia jana hakijatoka, na cha leo hakina pa kuingia. Ubavu umetuna kwa sababu chakula kimekwama, na mnyama anaacha kula wakati mwili wake bado unadai.

Mwaka 1964 watafiti wa Ohio nchini Marekani, Conrad, Pratt na Hibbs, walichapisha kazi iliyokuja kuwa msingi wa somo hili. Kwa ng'ombe wa maziwa waliona kwamba pale ambapo chini ya theluthi mbili hivi ya chakula inameng'enyeka, kinachozuia ulaji ni ukubwa wa tumbo na mwendo wa chakula ndani yake. Juu ya kiwango hicho, mnyama huanza kula kulingana na mahitaji yake ya nishati, na akishayatimiza huacha ingawa tumbo halijajaa. Wanasayansi waliofuata wamebishania mpaka huo upo wapi hasa, kwani hutofautiana kwa mnyama na kwa chakula, lakini kanuni yenyewe imesimama. Kwa mfugaji wa Kilosa ubishi huo si mkubwa. Nyasi kavu za Septemba humeng'enyeka kwa chini ya nusu, kwa hiyo ng'ombe wake yupo upande wa kwanza wa mpaka siku zote za kiangazi, popote mpaka utakapochorwa.

Sasa tupige hesabu, maana katika jambo hili hesabu ndiyo inayofungua macho. Chukua maksai wa kilo 250. Kwenye nyasi kavu atakula takriban kilo 4 kwa siku, tukiondoa uzito wa maji yaliyomo, na nishati anayoipata humo haitoshi hata kumweka pale alipo: moyo kupiga, kupumua, kutembea kwenda majini na kurudi malishoni. Pengo hilo analiziba kwa kula mafuta na misuli yake mwenyewe. Mpe maksai huyo huyo mchanganyiko unaomeng'enyeka vizuri, wenye protini ya kutosha, na ulaji utapanda hadi kilo 6 au zaidi. Katika hizo, karibu kilo 3 zitaishia kumweka hai, na zinazobaki zote zitakwenda kwenye ukuaji, ambao unaweza kufika robo tatu ya kilo au zaidi kwa siku. Kilo 3 za kwanza ni kodi ambayo mwili unalipa kila siku, mnyama akue asikue. Kiangazi cha siku 150 alichokaa bila kukua kimekula kilo 600 za nyasi na hakikuacha hata kilo moja ya nyama. Maksai 100 wakiongezewa kiangazi kimoja tu cha maisha kwa sababu hawakufikia uzito wa kuuzwa, wametafuna tani 60 za malisho ya Kilosa bure. Hapa ndipo swali la chakula linapogeuka kuwa swali la ardhi, na ni ajabu kwamba mikutano mingi ya usuluhishi kati ya wakulima na wafugaji haifiki kwenye hesabu hii.

Kuna atakayesema kwamba mvua zikirudi ng'ombe atafidia. Ni kweli kwa sehemu. Mnyama aliyedumazwa na njaa, akipata majani mazuri, hukua kwa kasi kuliko mwenzake ambaye hakukonda, na wafugaji wanaonunua ng'ombe waliokonda mnadani mwezi wa Novemba wanalijua hilo na wanalipwa nalo. Lakini kufidia huko mara nyingi hakukamiliki, hasa kwa ndama aliyenyimwa akiwa mdogo sana au aliyekonda kwa miezi mingi. Na wiki zile nzuri za mwanzo wa mvua, ambazo zingeweza kuongeza nyama mpya, zinatumika kurudisha ile iliyopotea. Ndama anayezaliwa na kilo 20 na kufikia kilo 250 akiwa na miaka 4 amekua kwa wastani wa gramu 160 tu kwa siku, ingawa kila masika alikuwa akiongezeka vizuri. Kinachoubomoa wastani wake ni viangazi vinne.

Sasa kosa la kawaida, hata kwa mfugaji aliyekwisha kukubali kununua chakula, ni kukimbilia wanga. Anamwagia ng'ombe unga au pumba nyingi juu ya nyasi kavu akitarajia kwamba nishati ndiyo iliyokosekana. Nishati imekosekana kweli, lakini imefungiwa ndani ya nyasi zenyewe, na ufunguo ni nitrojeni. Nusu kilo hadi kilo moja ya mashudu ya alizeti au ya pamba kwa siku huwarudishia vijidudu nguvu, nyasi zinavunjika upesi, tumbo linapata nafasi, na mnyama anakula nyasi zile zile duni kwa wingi zaidi kuliko awali, mara nyingi kwa robo au zaidi. Chakula kidogo cha ziada kimeongeza chakula kingi cha bure. Wanga mwingi hufanya kinyume: rumeni inakuwa na asidi, vijidudu wavunja nyuzinyuzi wanazimia, nyasi haziliwi tena, na unga ulionunuliwa umechukua nafasi ya nyasi ambazo hazikugharimu kitu. Ukizidi ghafla, asidi inaweza kumuua mnyama kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo kwa ng'ombe anayevushwa kiangazi tu, protini kwanza. Kwa yule anayenenepeshwa siku 90 za mwisho kabla ya kuuzwa, ndipo nishati inapopandishwa hatua kwa hatua kwa wiki mbili au tatu, huku protini ya chakula chote ikibaki asilimia 12 hivi na majani makavu yasikosekane. Umri nao una neno lake. Dume mchanga anajenga misuli na mifupa, anahitaji protini zaidi kwa kila kilo ya uzito. Maksai aliyekomaa anaweka mafuta, na kilo ya mafuta inadai nishati nyingi kuliko kilo ya misuli. Ndiyo maana kumnenepesha ng'ombe mzee kupita siku zake ni kulisha hasara.

Tukiangalia kilichopo chini ya Vidunda, ni vigumu kutosikitika. Bonde la Ruaha Mkuu, kuanzia Kidatu hadi Ruhembe, ni moja ya maeneo makuu ya miwa nchini. Viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero, iliyobinafsishwa mwaka 1998 huku Serikali ikibaki na hisa, vimekaa pande zote mbili za mto, kimoja upande wa Kilombero na kingine upande wa Kilosa. Miwa husagwa wakati wa ukavu, na viwanda husimama masika mashamba yakiwa na tope. Yaani miezi ile ile ambayo nyasi za Mkata zinageuka kuwa vijiti ndiyo miezi ambayo molasi inatiririka kiwandani na vilele vya miwa vinaachwa shambani. Molasi ni nishati karibu tupu: nusu ya uzito wake ni sukari, na protini yake haizidi asilimia 4 au 5. Vilele vya miwa ni majani ya kujazia tumbo, vizuri kuliko mabua, ingawa navyo havifiki ile asilimia 7 ya protini. Makapi ya miwa hayafai sana; ni magumu kama kuni, na kiwanda chenyewe huyachoma kupata mvuke. Kutoka Kilombero zinakuja pumba za mpunga, na hapo mnunuzi afumbue macho, kwa sababu mashine nyingi za kukoboa huchanganya pumba laini na maganda, na maganda ni karibu mchanga mtupu kwa ng'ombe. Pumba za mahindi zina uhakika zaidi.

Protini inayokosekana kwenye miwa ipo shambani kwa mkulima. Kilosa inalima mbaazi, na mbaazi zilikuwa na uchungu wake: mwaka 2017 India ilipowekea mipaka uagizaji, bei ilianguka nchini kote na wakulima wakabaki na magunia. Punje zilizovunjika au kutobolewa na wadudu, ambazo mnunuzi wa nje hazitaki, zina protini ya asilimia 20 hivi, na majani na maganda yanayobaki baada ya kupura ni bora kuliko bua lolote la mahindi. Vivyo hivyo mabaki ya maharage na kunde. Wakulima wa miteremko ya Vidunda na wale wa kata za Ulaya na Zombo wanazalisha vitu hivi kila mwaka, na vingi huishia kwenye moto wa kusafishia shamba. Ukisimama katikati ya bonde hilo mwezi wa Agosti, nishati iko kusini, nyuzinyuzi ziko kaskazini, protini iko mlimani, na ng'ombe anakonda katikati.

Je, kuna ushahidi kwamba vitu hivi vikichanganywa vinampa ng'ombe wetu nyama? Upo, na haukutoka mbali. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Denmark, walichapisha matokeo ya kuwanenepesha ng'ombe wa asili kwa michanganyiko tofauti ya pumba za mahindi, pumba za mpunga, unga wa mahindi na molasi. Pumba za mahindi zikiwa pamoja na molasi hazikushindwa na vyakula vilivyotegemea unga wa mahindi. Maana yake ni kubwa kwa nchi ambayo mahindi ni ugali: nyama inaweza kupatikana bila kumnyang'anya mtu sahani. Huko Cuba, kuanzia miaka ya 1960, T. R. Preston na wenzake walikwenda mbali zaidi, wakalisha madume molasi yenye urea kwa wingi, pamoja na majani kidogo na unga wa samaki kidogo, na madume yakakua vizuri. Kazi ile inatajwa mpaka leo, lakini ina upande ambao wapenzi wa molasi husahau. Pale majani yalipopungua mno, wanyama walianza kupepesuka, wengine wakapofuka, wengine wakafa. Molasi bila majani ya kutosha ni sumu ya polepole. Na urea, ambayo ni nitrojeni ya bei nafuu kuliko zote, ni sumu ya haraka: ikizidi takriban asilimia 1 ya chakula kikavu, au ikiliwa kwa pupa na ng'ombe mwenye njaa, au ikiyeyuka kwenye maji ya kunywa, inaua kwa muda wa saa chache. Ndama asipewe kabisa. Anayewashauri wafugaji watumie urea bila kuwafundisha kupima anawaombea msiba, na mimi ningependelea mashudu na mbaazi hata kama gharama ni kubwa kidogo, mpaka hapo kipimo kitakapozoeleka.

Pingamizi la kwanza linalosikika ni la mbegu: kwamba zebu wetu wa pembe fupi hawana damu ya kukua, na kuwalisha vizuri ni kupoteza fedha, tulete kwanza Borani au chotara wa Ulaya. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini mpangilio wake ni mbovu. Zebu ana kikomo, hatamfikia Borani. Lakini kikomo hicho hatujakigusa bado. Mnyama anayekua gramu 160 kwa siku mbugani na ambaye akinenepeshwa anaweza kufika mara nne au tano ya hapo, hazuiwi na damu. Anazuiwa na chakula. Tena ng'ombe mkubwa ana kodi kubwa ya kuishi. Ukimleta kwenye nyasi za asilimia 3 za protini atakonda upesi kuliko zebu, na ndiyo maana vituo kama cha Mpwapwa, ambako ng'ombe wa Mpwapwa alizalishwa kwa uchanganyaji wa miaka mingi, vilijikuta vikirudi kwenye swali la malisho kila mbegu mpya ilipotoka nje ya uzio wa utafiti. Mbegu bora inafuata chakula. Ikitangulia, inakufa.

La pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wafugaji wenyewe. Kwa Mparakuyo, Mmasai, Mbarbaig au Msukuma aliyehamia Kilosa, ng'ombe si nyama tu. Ni maziwa ya watoto, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa ukame, na mwenye 100 ukame ukija huenda akabaki na 40, ilhali mwenye 10 anabaki na 4. Kumwambia apunguze kundi ili abaki na wachache wanono ni kumwambia aweke akiba yake yote mahali pamoja. Sioni sababu ya kubishana naye. Lakini hakuna anayemtaka anenepeshe mitamba na ng'ombe wa maziwa. Katika kila kundi kuna madume na maksai ambao hawatoi maziwa wala hawazai, na wanasubiri tu wafikie uzito wa kuuzwa, wakila nyasi ambazo mama na ndama wanazihitaji. Wakitoka wakiwa na miaka 2 na nusu badala ya 4 au 5, akiba haijaguswa; iliyopungua ni foleni. Na wafugaji hawa si wageni wa somo la chakula. Wamasai na Waparakuyo wana desturi ya kutenga malisho ya karibu na boma kwa ajili ya ndama na wagonjwa, na Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, ambayo mradi wa HASHI uliyafufua kwa upana huko Shinyanga kuanzia mwaka 1986. Ngitili inatunza wingi wa nyasi. Ubora hauwezi kuutunza, kwa sababu nyasi zilizosimama mpaka Septemba zimekwisha kupoteza protini zao kwenye jua. Ngitili pamoja na kilo moja ya mashudu au majani ya mbaazi ni jambo jingine kabisa, na ni hatua fupi kwa mtu ambaye tayari anajua kutenga.

La tatu ni soko. Katika minada mingi ng'ombe bado anauzwa kwa macho, dalali akikadiria, na mfugaji aliyegharamia kilo 60 za ziada anaweza kulipwa 40. Hapa wapinzani wako sahihi, na bila mizani mnadani nisingemshauri mtu akope fedha ili anenepeshe. Kipimo chenyewe ni rahisi: kila kilo ya uzito hai inayoongezeka hugharimu kilo 8 hivi za chakula kikavu, kwa hiyo bei ya kilo moja ya ng'ombe hai lazima ishinde bei ya kilo 8 za mchanganyiko, pamoja na dawa na kibarua. Pasipo mizani hesabu hiyo haina upande wa pili. Ila tusisahau kwamba hata jicho la dalali linatofautisha ng'ombe mnono na mfupa mtupu, na kwamba mwezi wa Oktoba na Novemba, wakati kila mtu anauza waliokonda, aliye na wanono ana nafasi ya kuchagua mnunuzi. Mizani inahitajika, lakini kutokuwepo kwake hakuzuii kuwavusha ng'ombe kiangazi bila kupoteza uzito, jambo ambalo ni rahisi zaidi kuliko kunenepesha.

Kisha kuna ardhi yenyewe, na damu iliyomwagika juu yake. Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, kwenye mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu, na wengine wao walipita au kuishia Morogoro. Mwaka 2012 ikafuata operesheni kama hiyo katika bonde la Kilombero. Kila mara dawa iliyotolewa ilikuwa kuhamisha, na kila mara ng'ombe alikwenda na rumeni yake ile ile kwenye nyasi zile zile kavu za mahali pengine. Sisemi kwamba chakula bora kitamaliza mgogoro ambao una mizizi katika mipaka ya vijiji, umilikaji wa ardhi, rushwa na mikoa iliyosukuma watu. Ninasema kwamba bua lililofungwa robota na kuuzwa linabadilisha uhusiano wa watu wawili. Mkulima ana sababu ya kulitunza, mfugaji ana sababu ya kulinunua, na ng'ombe ana sababu ya kukaa bomani badala ya kuingizwa shambani usiku. Hatari ipo, na haipaswi kufichwa. Mfugaji maskini ambaye miaka yote amelisha mabaki bila malipo baada ya mavuno atajikuta analipia, na halmashauri ikitunga sheria ndogo ya mabaki ya mazao bila kumfikiria itakuwa imehamisha njaa kutoka kwa ng'ombe kwenda kwa mtu. Hatari nyingine ni ya udongo. Kwenye miteremko mikali ya Vidunda mabua na majani yanayofunika ardhi ndiyo yanayozuia mvua za kwanza kuubeba udongo kwenda Ruaha, na huko yabaki yalipo. Mlimani kichukuliwe kile kinachobaki kwenye uwanja wa kupuria, maganda na punje mbovu. Mabua yatoke bondeni, na samadi irudi bondeni.

Limebaki la molasi, na la mbung'o. Kiwanda hakina deni kwa ng'ombe. Karibu nacho kuna mtambo wa kutengeneza spiriti kutokana na molasi, na mnunuzi wa kudumu mwenye malori atamshinda daima mfugaji mwenye madumu mawili. Vyama vya ushirika vya wafugaji vingeweza kununua kwa pamoja kwa mkataba wa msimu, lakini hata molasi ikikosekana hoja haianguki, kwa sababu ng'ombe anayevushwa kiangazi anahitaji protini kuliko sukari, na vilele vya miwa kwenye mashamba ya wakulima wadogo wa Ruhembe na Kidodi havina mshindani isipokuwa moto. Mbung'o ni tatizo gumu zaidi. Karibu na Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ugonjwa wa ndorobo bado unasumbua, na ng'ombe mwenye vimelea damuni atakula mashudu yako yote asiongeze kitu. Chakula hakichukui nafasi ya josho wala sindano; vinakwenda pamoja, na mnyama aliyelishwa protini ya kutosha huvumilia maambukizi vizuri kuliko aliyekonda. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa ikitaka kuanza na jambo moja lisilohitaji mfadhili, lingekuwa kuwatuma maofisa ugani wake vijijini mwezi wa Juni, na si Septemba kama ilivyo kawaida ya kukimbilia ng'ombe waliokwisha kuanguka. Mashudu yana bei nafuu mara baada ya mavuno ya alizeti ya Dodoma na Singida. Mabua nayo yanatakiwa yafungwe mapema baada ya kuvunwa mahindi, majani yakiwa bado yameshika kwenye bua, kwa kuwa sehemu yenye lishe ni majani. Mchwa na upepo wakishayamaliza, kinachobaki shambani ni shina ambalo vijidudu wa ng'ombe hawalifanyii kitu.